Nyumba za Maskini na Kijiji cha Wapolandi Tengeru

Neno maskini katika lugha yetu lina maana zaidi ya moja. Asiye na fedha twamwita maskini; na aliyefiwa na watu wake wote, hata akiwa na shamba na ng'ombe, naye twamwita maskini. Wazee wa Meru na Arusha walipomwona mgeni njiani hawakuuliza kwanza ana nini. Waliuliza ni wa nani. Hapa twapenda kueleza habari za nyumba na vijiji walivyojengewa watu wasio na wa kuwajibia swali hilo, tangu Ulaya hata chini ya mlima wetu, maana katika habari hizo mna jambo litupasalo kulifikiri sisi wenyewe.

Nchi ambayo habari za nyumba za maskini zimeandikwa kwa urefu ni Uingereza. Mwaka 1601 ilitungwa sheria iliyoamuru kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi ya wenyeji. Siku zile mtu aliweza kupewa mkate au fedha kidogo naye akakaa nyumbani kwake, kati ya jirani zake. Lakini mwaka 1834 sheria ilibadilishwa. Parokia nyingi ziliunganishwa pamoja, na kila muungano ukajenga nyumba moja kubwa ya kuwaweka maskini wake. Watunga sheria waliona ya kwamba msaada ukiwa mzuri watu watauzoea na kuacha kazi. Kwa hiyo wakaagiza maisha ya ndani yawe magumu kuliko maisha ya kibarua aliye duni kabisa huko nje. Mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi wao. Wote walivikwa nguo za namna moja. Wanaume walivunja mawe au kuchambua kamba kuukuu. Wanawake walifua nguo na kusugua sakafu. Aliyetaka kutoka hakuzuiwa kutoka. Lakini atoke aende wapi?

Na ni akina nani waliokaa humo? Sheria iliwaogopa wavivu, lakini waliozijaza nyumba zile ni watu wengine: wazee walioishiwa nguvu, wajane wenye watoto wadogo, yatima, wasichana waliozaa bila kuolewa, vipofu, viwete, na wenye ugonjwa wa akili. Marekani nako, katika wilaya nyingi za vijijini, palikuwa na shamba la maskini. Wenyeji wake walilima na kukamua ng'ombe ili wapate chakula chao, chini ya msimamizi mmoja, na wengi walipokufa walizikwa nyuma ya shamba, kaburi likawa na namba tu pasipo jina. Nyumba na mashamba hayo yalikoma kidogo kidogo. Marekani ilitunga sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1935, na Uingereza ikaifuta kabisa sheria yake ya maskini mwaka 1948.

Sasa turudi kwenye mlima wetu. Hapo kale haikujengwa hapa nyumba ya namna hiyo, wala si kwa sababu hapakuwa na maskini. Katika miaka ya 1880 ugonjwa wa mapafu uliwaua ng'ombe wa Wamasai, na mwanzo wa miaka ya 1890 ikafuata sotoka, kisha ndui ikawaua watu. Mtu aliyekuwa tajiri wa mifugo aliamka hana hata ndama mmoja. Ndipo Wamasai wengi walipowaendea wakulima wa mlimani, yaani Waarusha, ambao ni ndugu zao kwa lugha na kwa rika, na Wameru pia. Wengine walipewa mahali pa kulima, wengine waliwaacha watoto wao walelewe, na wanawake wengine wakaolewa. Mifugo ilipoongezeka tena, baadhi yao walirudi nyikani. Wengine walibaki, na vitukuu vyao leo ni Waarusha na Wameru, wala hakuna awaitaye maskini.

Hatusemi ya kwamba njia hiyo ilikuwa njema pande zote. Mgeni alifanya kazi kwa mwenyeji na kukaa chini yake. Mtoto aliyeachwa kwa ajili ya chakula hakuwa na hali sawasawa na mtoto wa nyumba, na wako ambao hawakupokelewa popote. Lakini shabaha ilikuwa moja: kumponya maskini ni kumpa watu. Akishapata boma, ukoo na rika, jina la umaskini lilimtoka. Nyumba ya Uingereza ilimpa mtu chakula na kumnyang'anya watu wake. Boma la mlimani lilimpa watu, na chakula kikafuata.

Walakini, kumpokea mgeni hivyo kulihitaji ardhi ya kumgawia. Wakati wa Wadachi mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima upande wa chini kama mshipi, na Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuufungua mshipi huo. Wenyeji waliongezeka, ng'ombe waliongezeka, na ardhi ikabaki ile ile. Tengeru, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, pako katika ukanda huo wa chini. Na hapo ndipo mwaka 1942 kilipojengwa kijiji kizima cha watu wasio na kitu, na watu hao walikuwa Wazungu.

Habari yao ilianza mbali. Mwezi wa Septemba 1939 Wajerumani waliishambulia Poland kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi huo majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Mwezi wa Februari 1940, katika baridi kali, Warusi walianza kuwahamisha watu wa mashariki ya Poland. Askari walifika mlangoni, jamaa ikapewa muda mfupi wa kufunga vitu vyake, kisha wote wakatiwa katika mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini, wakate miti na kufanya kazi nyingine ngumu. Wengi wa watu hao walikuwa wakulima kama sisi. Njaa, baridi na magonjwa viliwaua kwa maelfu.

Mwezi wa Juni 1941 Wajerumani waliwageukia Warusi, na Warusi wakapatana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wapolandi wakafunguliwa. Wanaume waliingia katika jeshi la Jenerali Anders. Wanawake, watoto na wazee wakalifuata jeshi hilo kwenda kusini, na mwaka 1942 wakavuka Bahari ya Kaspi hata Iran. Huko Waingereza walitafuta mahali pa kuwaweka mpaka vita viishe. Karibu Wapolandi 18,000 waliletwa Afrika. Wengine waliwekwa Masindi na Koja katika nchi ya Uganda, wengine Rhodesia, na katika Tanganyika waliwekwa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro na Tengeru. Kambi ya Tengeru ilizipita zote kwa ukubwa. Ilikuwa na watu karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na hesabu hiyo ilikaribia hesabu ya watu wa mji wa Arusha wenyewe kwa siku zile.

Walijengewa nyumba ndogo za mviringo, kuta zimepakwa chokaa na paa ni za majani. Waafrika waliajiriwa kujenga na kufanya kazi nzito za kambi. Wapolandi wenyewe walipanda maua na mboga mbele ya milango yao. Kijiji kilikuwa na kanisa, hospitali, shule za wadogo na za wakubwa, mafunzo ya ufundi, kazi za kushona na kufuma, shamba lake, na nyumba ya yatima. Wengi walikuwa Wakatoliki, lakini walikuwako Waothodoksi na Wayahudi pia. Wenyeji waliwauzia matunda na mboga, na watoto wa Kipolandi walijifunza maneno ya Kiswahili kwa njia ya biashara hiyo.

Jambo hili liliwasumbua wakubwa wa koloni. Utawala wao ulisimama juu ya wazo la kwamba Mzungu ni bwana, mwenye shamba na watumishi. Sasa wenyeji waliona maelfu ya Wazungu waliokula chakula cha msaada, waliofua nguo zao wenyewe, wala wasiokuwa na kwao. Kwa hiyo kambi zilitengwa na miji, na mtu hakutoka kwenda mbali ila kwa ruhusa. Kwa namna moja Tengeru palikuwa bora sana kuliko nyumba za maskini za Uingereza, maana mama hakutengwa na mwanawe, na watoto walisomeshwa kwa lugha yao na kuheshimiwa desturi zao. Lakini kwa namna nyingine palifanana nazo: palikuwa mahali pa kutunziwa kando, pasipo kuwa mtu wa nchi. Mmasai wa mwaka 1891 alikuja mgeni, na mjukuu wake akawa Mwarusha. Mpolandi wa mwaka 1942 aliwekwa Tengeru kwa sharti la kuondoka.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kwa wengi wao hapakuwa na mahali pa kurudi. Katika mkutano wa Yalta, mwezi wa Februari mwaka huo, wakubwa wa Urusi, Uingereza na Marekani walikubaliana ya kwamba sehemu ya mashariki ya Poland iwe ya Urusi. Basi nyumba na mashamba waliyoyaacha hayakuwa tena katika nchi yao. Wachache walirudi Poland. Waliokuwa na mume, baba au ndugu katika jeshi waliweza kwenda Uingereza, maana sheria ya mwaka 1947 iliwafungulia njia askari wa Kipolandi na jamaa zao wakae huko. Tazameni jinsi swali la wazee wetu lilivyorudi: aliyeulizwa ni wa nani, akaweza kujibu, huyo alifunguliwa mlango.

Waliokuwa hawana jibu waliangaliwa kwa njia nyingine. Shirika la Kimataifa la Wakimbizi, lililoanza kazi yake mwaka 1947, lilitafuta nchi za kuwapokea. Australia na Canada zilikubali kuchukua watu, lakini zilihitaji vibarua wenye nguvu. Kijana mwenye afya alichaguliwa upesi. Mzee, kiwete, na mwenye ugonjwa wa kifua aliachwa. Hivyo waliokosa watu wa kuwajibia walipimwa kwa mikono yao, kama vile wapimwavyo ng'ombe wa jembe.

Yatima walikuwa na habari yao peke yao. Mwaka 1949 zaidi ya watoto 100 wa nyumba ya yatima ya Tengeru walisafirishwa kupitia Italia na Ujerumani hata Canada, ambako Askofu Mkuu wa Montreal alikubali kuwapokea. Serikali mpya ya Kikomunisti ya Poland ililalamika ya kwamba watoto hao ni wake, nao wameibwa, na neno hilo likafikishwa Umoja wa Mataifa. Watoto waliokaa miaka mingi pasipo mtu wa kuwaita wake, sasa waligombaniwa na mataifa. Hata hivyo mtoto hapati jamaa kwa kugombaniwa. Waliofika Canada iliwapasa kuanza tena, kwa lugha ngeni, kutafuta wa kuwaita baba na mama.

Mwanzo wa miaka ya 1950 kambi ilifungwa. Serikali ya Tanganyika ilitoa ruhusa ya kukaa kwa wachache tu. Mahali pale pakawa shule ya kilimo, na siku hizi pana chuo cha mifugo. Wachache waliobaki walizeeka hapo hapo. Karibu na ziwa Duluti yako makaburi yao, kiasi cha 150, yenye majina yaliyoandikwa kwa lugha ambayo hapana mwenyeji aisomaye. Na wanaoyafagia na kuyapalilia, miaka zaidi ya sabini baada ya kambi kufungwa, ni watu wa hapa. Jambo hili twalitaja si kwa kujisifu. Twalitaja kwa sababu laonyesha ya kwamba mtu aliyekataliwa na mataifa akiwa hai, aweza kupewa watu hata baada ya kufa.

Wala haifai kuiacha habari nyingine ya miaka ile ile. Wakati Wapolandi wa mwisho walipokuwa wakifunga mizigo yao, Wameru nao walifanywa kuwa watu wasio na mahali. Hakimu Wilson alikuwa ametoa shauri lake baada ya vita ya kwamba ardhi ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini ya mlima, iwe ya walowezi wa kufuga ng'ombe. Mwezi wa Novemba 1951 Wameru karibu 3,000 waliondolewa huko kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Serikali iliwatengea mahali Kingori. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuyasema mashitaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari hiyo haikuirudisha ardhi siku zile, lakini dunia ilisikia.

Na waliofukuzwa walikwenda wapi? Wengi walikataa kukaa Kingori, wakapanda mlimani kwa jamaa zao. Huko nafasi ilikuwa finyu, migomba ilikwisha kusongamana, na kumpokea ndugu na watoto wake kulikuwa kupunguza chakula cha watoto wako mwenyewe. Walipokelewa hata hivyo. Haikujengwa kambi kubwa ya kuwalisha, wala shirika la kimataifa halikuja kuwachagua wenye nguvu na kuwaacha wazee. Walikuwa wamenyang'anywa ardhi, nyumba na mifugo, lakini swali la kwamba ni wa nani walikuwa na jibu lake. Wahenga husema mtu ni watu, na katika mwaka ule neno hilo halikuwa methali tu. Lilikuwa ndiyo paa la nyumba.

Twafika sasa kwenye neno linalotupasa sisi. Serikali ya Tanzania nayo iliweka makazi ya wazee na wasiojiweza katika mikoa mbalimbali. Mojawapo ni ya Magugu, ambapo palikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hata Mkoa wa Manyara ulipotengwa mwaka 2002. Mengi ya makazi ya namna hii katika nchi yetu yalianza kama vijiji vya wenye ukoma, watu waliotengwa na jamaa zao kwa hofu ya ugonjwa. Ugonjwa huo siku hizi hupona kwa dawa, lakini wako waliopona wasirudi kwao, maana kwao hapakuwapo tena. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema ya kwamba jamaa na jamii ndio wenye kumtunza mzee kwanza, na ya kwamba kumweka katika makazi ni njia ya mwisho.

Maneno hayo ni mema, lakini sera haina mikono. Ardhi ya mlimani imegawanyika hata mtoto wa tatu hana pa kujenga. Vijana wamekwenda Arusha, Dar es Salaam na mbali zaidi. Na bibi kizee ambaye zamani angalikuwa na wajukuu saba uani, leo yumkini ana simu ya mwanawe mara moja kwa mwezi. Makazi ya wazee si aibu. Mtu mwenye njaa ni heri alishwe na mgeni kuliko afe, na wanaofanya kazi humo wastahili shukrani. Lakini tumeona katika habari hizi zote ya kwamba nyumba ya maskini hujengwa kwanza mahali pengine kabla haijajengwa kwa mawe. Hujengwa siku ile mtu anapopita njiani, na kijiji kizima hakijui tena ni wa nani.

Basi, ndugu wasomaji, hesabu ifaayo si ya majengo peke yake. Katika kila kitongoji chetu yuko mmoja au wawili wasio na wa kuwajibia: mjane asiye na mtoto, mzee aliyekuja zamani kuwa kibarua wa mashamba ya kahawa asirudi kwao, kiwete ambaye nduguye ndiye aliyekuwa mtunzaji naye amekufa. Tuwajue kwa majina. Tujue mlango wao uko wapi, ni nani aliyeufungua juma hili, na ni nani atakayesema, siku swali litakapoulizwa, kwamba mtu huyu ni wetu.